Ndoo Kwenye Foleni

Barua imeingia saa nane usiku, kwao bado mchana.
Haikusema njoo. Haikusema usije.
Tumekuweka kwenye orodha ya kungoja, Mwantuma.
Mimi Mwantumu.
Herufi moja tu, lakini nimelala nikiwaza
huenda anayengoja ni mwingine.

Nimeisoma mara tatu nikitafuta namba yangu.
Hakuna namba.
Pale Bombo, figo zilipomsumbua bibi,
tulipewa kikaratasi: arobaini na saba.
Ukijijua arobaini na saba unakunywa chai,
unaweza hata kugombana na arobaini na sita.
Foleni hii haina mgongo wa mtu mbele yangu.

Na ile fomu ya msaada wa ada:
"Kipato cha mzazi kwa mwaka."
Baba, fundi baiskeli wa Barabara ya Nane,
akafuta mikono kwa kitambaa cheusi kuliko mikono,
akauliza, "Mwaka wa mvua, au wa jua?"
Tukahesabu kwa pancha.
Tisa kwa siku, siku nyingine mbili, Ijumaa nusu,
toa gundi, toa spoki za mkopo,
toa baiskeli ya Mzee Shekiondo
inayolipwa "kesho" tangu Ramadhani.
Jumla nikaiandika. Mashine ikaikataa,
ikadhani tumesahau sifuri.

"Ulaya lini?" Mama Mgaza huuliza kila asubuhi
akifagia upande wake, na kidogo upande wetu.
Si Ulaya, shangazi.
"Basi kulekule."
Mji unajisifu, waja leo waondoka leo;
mimi sikuja, nimezaliwa Makorora,
na kuondoka kwangu kuko kwenye droo ya mtu
nisiyemjua hata kwa sauti.

Jumamosi maji yametoka, baada ya siku nne.
Nimepanga ndoo yangu ya njano nyuma ya nyekundu,
nikatia jiwe ndani upepo usiihamishe.
Hakuna anayesimama pale. Ndoo ndizo zinazongoja;
wenyewe wanapika, wanasukana, wanalala.

Nami fomu ya mkopo wa hapahapa nimeijaza,
nikaenda kukaa na baba kibandani.
Amenipa tyubu na beseni.
"Usiharakishe," amesema, "izungushe polepole,
ukiona povu, weka kidole hapo,
usikitoe."
Nimekiweka.