Birika la Mbagala

Sikudhani, darasa la tano, ameuliza
nani aliyeitia bahari chumvi.
Nimemwambia alete birika.

Si lile la wageni. Lile jeusi,
la maji ya kisima cha kina Pazi,
tunayoyaita matamu kwa kuyalinganisha tu.
Tia mkono. Kwangua.
Ukoko mweupe ukamjaa ukuchani.
"Na hii chumvi?"
Ni nduguye. Jiwe lililojificha ndani ya maji
mpaka moto ulipoyafukuza maji.

Mvua, mwanangu, hushuka Pugu mikono mitupu
na haiondoki hivyo. Inalamba jiwe,
inalamba udongo mwekundu, inachukua punje,
kiasi cha mpishi anayeonja mchuzi.
Mzinga unabeba. Kizinga unabeba.
Hata mfereji wa hapa nyuma,
ule uliotuchukulia kandambili masika,
nao ulikwenda na chake.
Ukionja mto hutahisi kitu
(Msimbazi usiuonje).
Kisha jua linasimama juu ya Kigamboni na kata yake,
linachota maji, chumvi linaiacha.
Kesho linachota tena.
Na huko chini, sakafu ya bahari ina nyufa,
inachemka gizani, inaongeza yake.

"Kwa miaka mingapi?"
Mingi. Umri wa bibi yako
ni tone moja linaloning'inia kwenye bomba.

Akalamba kidole, akafikiri.
"Kwa hiyo hakuna aliyemwaga gunia."
Hakuna.

Nyuma ya pazia mama akakohoa,
kile kikohozi chake cha makusudi.
Mama, ambaye mtaa mzima unasema ulimi wake munyu,
mawifi wanamwamkia wakiwa mlangoni, mguu mmoja nje.
Nami nimesema hivyo, tena mbele za watu.
Baba alikwenda Tunduma kwa wiki moja; ni mwaka wa kumi na tisa.
Kaka aliuza cherehani yake, akasema ameazima.
Mimi nilimletea mtoto wa miezi minne
nikarudi kumchukua ana meno.
Wote tulipita kwake tukiwa maji matamu,
kila mtu na punje yake,
tukachota tulichokitaka.

Nikawasha jiko. Sikudhani kaegemea ukuta,
kijiko mkononi, bado anakwangua,
krr, krr, vumbi jeupe likimwangukia mapajani.

"Sukari vijiko vitatu," mama akaita kutoka ndani,
"na birika langu mliache kama lilivyo."