Ripoti ya Shimo la Tatu

Nilipewa siku tatu, vibarua wawili,
na barua yenye muhuri: thibitisha hakuna kitu,
ili ghorofa kumi na mbili zipande
hapa kando ya mto Ngong, nyuma ya viwanda,
ambapo bango tayari linacheka:
familia ya watu wanne, wote meno,
na mto wa buluu
ambao mimi, mzaliwa wa Nairobi, sijawahi kuuona.

Wamukota wa tingatinga alizima injini saa nne.
"Daktari, njoo uone vyombo vya bibi yangu."
Sikumwambia udaktari bado sijaumaliza.
Nilipiga magoti kwenye udongo mweusi,
ule unaomeza gambuti na kukuachia soksi,
na kweli: mdomo wa chungu, umechorwa kwa ukucha,
vistari vistari, kama mtu aliyehesabu siku
akachoka kwenye ya tisa.
Kisha vipande vya kioo cheusi, matapishi ya volkano,
vikali hata leo. Kimoja kilinikata kidole gumba
na damu yangu ikawa kitu kipya kuliko vyote shimoni.

Hilo ni shimo la kwanza, kule juu, karibu na barabara.
La pili, hatua arobaini chini yake:
mafiga matatu, majivu, jino la mbuzi.

La tatu lilikuwa bondeni kabisa,
pale ramani inaposema magari yataegeshwa chini ya ardhi.
Tulichimba mpaka Wamukota akaonekana kofia tu.
Hakuna kigae.
Hakuna mkaa.
Mchanga, tope, mchanga, tope,
mashapo yamelala kama mashuka katika kabati la mtu nadhifu.
Nilihesabu kumi na moja. Kila shuka usiku mmoja wa mto.

Mhandisi Gathecha alichungulia akishika tai yake isidondoke ndani.
"Kwa hiyo hili ni safi?"
"Safi," nikasema. "Safi mno."
Akaandika: safi.
Neno mno lilibaki mdomoni mwangu na ladha ya tope.

Mama Syombua, anayewauzia vibarua chai,
hakuuliza nimepata nini.
Alinionyesha bati la ukuta wake:
mstari wa kahawia, sawa na kifua changu.
"Aprili," akasema, kama anayemtaja mpangaji msumbufu.
Kila chake kinaning'inia misumarini, hata viatu, hata kitabu cha hospitali.
Jiko ameliinua juu ya matofali matatu.
Nikayatazama matofali.
Nikatazama kule juu, kwenye mafiga.
Wale walikuwa na bonde zima la kuchagua, wakapanda mlima.
Huyu alichagua kilichobaki,
na hicho nacho kimewekewa alama ya X kwa rangi nyekundu.

Mto hauna hatimiliki.
Haujawahi kuiomba. Huja tu kukagua mipaka.

Usiku ule niliandika, nikafuta, nikaandika.
Vigae sitini na viwili, kwenye mifuko ya khaki ya sukari.
Mapendekezo: kurasa mbili.
Hitimisho: kitupu cha shimo la tatu ndicho kitu chenyewe.
Nilijua watasoma jedwali pekee,
na kwenye jedwali, mbele ya shimo la tatu, kuna sufuri.

Simu ikalia. Mokaya, kaka yangu.
Ameshalipa arbuni, ghorofa ya chini,
sababu ya magoti ya mama, ngazi zinamshinda.
Mauzo walimwonyesha bango, mama akalibusu.
"Nasikia ndiwe unayechimba kwetu! Umefika kule chini?"
Nimefika.
"Kuna kitu?"

Nje, upande wa milima, radi ilikohoa mara moja,
kama mzee anayesubiri zamu yake kuzungumza.
Kidole gumba kilikuwa kinapwita.

"Kuna kitu, dada?"

Hakuna, nikaanza kusema. Mokaya, nisikilize.
Hakuna kitu kabisa.