Dirisha la Wazee

Nilikwambia, Sajini Mbonea, kabla hujalala chini ya gari
na hiyo nyundo yako ndogo:
soma kwanza kadi. Mwaka hamsini na nane.
Lilifika Kongwa lina rangi ya majani mabichi,
karanga za Mwingereza zimeshashindikana, wenyewe wameondoka.
Baba yake Mzee Hagai akalinunua mnadani
kwa bei ya ng'ombe kumi na mmoja na fedha ya kuazima.
Mimi na wewe hatujatungwa hata mimba.

Nimesikia ziko nchi
gari likitimiza miaka arobaini halipimwi tena.
Linapewa heshima yake, linapita.
Nikasema, mbona hata sisi Dodoma tunayajua hayo?
Nenda hospitali, utaliona dirisha la wazee:
mwenye sitini anatangulia, halipi,
sisi tunabaki kwenye foleni na viatu vyetu vya vumbi.
Basi na gari hili lifungulie dirisha lake.

Ukacheka. Ukafungua boneti.
Kicheko kikakatika.

"Huyu mzee," ukasema, "moyo ni wa nani?"

Wa Hailaksi, afande, iliyopinduka Kibaigwa.
Giaboksi ni yake, ila gia ya tatu nilichongesha Sido.
Stelingi ya Kanta.
Viti ni vya basi lililokuwa likienda Singida,
ukikaa cha kushoto bado utasoma namba ya siti, kumi na nne.
Honi ya pikipiki, ndiyo maana linalia kama mwana-mbuzi.
Cha hamsini na nane kilichobaki ni chesisi,
bati la mlango mmoja,
na jina.

Ukaandika, ukafuta.
"Kama ni zee, mbona viungo vya juzi?
Kama ni jipya, unaliombea msamaha gani?"
Nikakosa jibu. Nikatazama kimbunga cha vumbi
kinavyovuka uwanja kimebeba mfuko mtupu wa simenti.

Mzee Hagai alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari,
miaka themanini na miwili, anatafuna zabibu za Mpunguzi
zilizonyauka, mbegu anazitemea kiganjani.
Akasema, bila kukuangalia:
"Pale dirishani silipi, ni kweli.
Lakini presha wananipima.
Juzi wamenifunga kile kitambaa,
wamepampu mpaka vidole vikafa ganzi.
Hawajapata kuniambia, mzee, wewe nenda tu."

Ukavua kofia. Ukalala chini.
Gonga. Breki. Gonga, gonga. Shafti.
Chuma kizima kinajibu kwa sauti moja, ndefu,
kama kengele ya Mvumi ukiisikia toka shambani.
Nami nimesimama nahesabu milio,
kwa maana aliyeombewa msamaha hakuwa gari.

Kuna mshono mmoja, afande.
Niliuchomelea mwezi wa tatu, umeme ukakatika katikati,
ukarudi usiku wa manane, nimechoka, mzee anataka gari alfajiri.
Nikaumalizia hivyo hivyo, nikaupaka rangi nyeusi.
Rangi ilikaa vizuri sana.
Tangu hapo kila wiki linateremka na kreti arobaini za zabibu,
na mjukuu wake, Sechelela,
kwenye siti ya kumi na nne,
anahesabu nguzo za umeme kwa Kigogo.

Sasa umetoka. Unajipangusa magoti.
Umeridhika, naona. Stika umeshaibandua karatasi ya mgongoni,
imekunata kidoleni.
Mzee ameshawasha.

Subiri, sajini.
Mwambie azime.
Rudi chini kidogo, nyuma ya springi ya kushoto,
pale penye rangi nzuri.
Gonga na hapo.