Nasaba, Kurasa Nne

Jumanne, umeme uliporudi, aliingia
na daftari la mistari lisilo na jalada.
"Ya ukoo. Nichapie. Baraza la ardhi wanaitaka Ijumaa."
Nikamtajia bei: ukurasa elfu moja,
mti ni zaidi, maana mistari yake haitulii.

Bwana Mwinchande bin Akida.
Shati la pasi, kandambili za bluu.
Anasoma kama yuko maulidini, nami nachapa:

Mwinyigoha alitoka Barawa na siwa na ngoma,
akaununua ufuko wa Ununio kwa majora saba ya kaniki.
Mwinyigoha akamzaa Kibwana.
Kibwana akamzaa Shomari, akavishwa kilemba,
akawa diwani wa nyumba kumi na nane
na minazi ambayo hakuna aliyeihesabu.
Nundu ya kila ng'ombe, yake.
Makubadhi barazani, yeye peke yake.
Mdachi alipokuja, alimwachia makubadhi.
Shomari akamzaa Akida...

"Mama yake Akida nani? Kisanduku kitupu."
Akafuta jasho shingoni. "Andika Mama."
"Mama nani?"
"Suria, binti. Nani aliuliza jina?"

Nikaandika Mama.

"Na huyu Pazi, nduguye Shomari?"
"Kata hapo. Hakuacha mtu."
Nikakata. Kukata ni bure.

Alhamisi akaja Bi Mtumwa binti Sefu, wa Boko,
bahasha ya kaki kwapani.
"Ya ukoo. Ya fidia ya barabara. Kesho."
Mwinyigoha, Barawa, siwa, ngoma.
Kwake kaniki zilikuwa majora tisa.
Kibwana akamzaa Pazi,
na Pazi, yule ambaye hakuacha mtu,
akajaza karatasi tatu:
muuguzi wa Mwananyamala, fundi friji wa Tegeta,
wawili wako Maskati hawapigi simu,
mapacha wa juzi, hata majina hawajapewa.
"Na Shomari?"
"Huyo alilelewa tu. Kata."

Nikakata. Sikusema kitu.
Duka la uchapaji lina siri kuliko chumba cha mganga.

Ila nilimuuliza, nikijifanya napanga karatasi,
kama aliwahi kumsikia mama yake Akida.
"Zafarani," akajibu, hata hakufikiri.
"Si wetu yule. Lakini alimnyonyesha bibi yangu
mwaka wa njaa. Mfupi, mbishi, hapendi kukatizwa.
Kaburi lake liko pale walipoweka kalavati."
Akalipa, akahesabu chenji mara mbili,
akaniachia harufu ya udi na deni la shilingi mia.

Nikafungua faili la Jumanne.
Kishale kinapepesa baada ya Mama.
Kisanduku chembamba, herufi nane.
Nikapunguza maandishi: kumi na mbili, kumi,
tisa,
mpaka akaenea.