Kadi Saba Mkononi

Tartu, mwezi wa pili, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
na sisi wanne tuko chini ya ardhi, nyuma ya duka la Kaupo:
meza ya plastiki, taa moja inayokohoa,
makoti yamelundikwa juu ya hita kama wagonjwa.

Wakiwa wawili, mambo ni mepesi, hata mtoto hukariri:
fungu la mbio humla mwenye tamaa kabla hajajenga,
mwenye tamaa humchosha mlinzi wa mlango,
mlinzi wa mlango humkaba mwenye mbio.
Mviringo huo ninao daftarini tangu vuli,
asilimia, kadi za kutoa, kadi za kuingiza.
Ila waketi wanne, daftari huwa karatasi ya kufungia samaki.
Wanne si hesabu. Wanne ni baraza,
na barazani mwamba ngoma huvutia kwake.

Kaupo ana kadi zake za "hapana".
Ukitaka kufufua, hapana. Ukitaka kuchota, hapana.
Lakini hapana zake ni tatu, nasi tu watatu,
kila mmoja anangoja mwenzake atangulie kukataliwa.

Heino anafuga nyuki. Kila zamu wanazaana maradufu,
anawahesabu kwa dadu za kijani, akiomba radhi.

Leelo ana miaka kumi na sita na fungu la kuazima kwa kaka yake,
askari wadogo wadogo wenye mikuki.
Tulimwonya, kwa huruma ya mabahili:
mbio haziiwezi meza ya wanne, mwanangu,
utaua mmoja, wawili watakuzika.
Ni kweli. Ninayo daftarini: michezo kumi na tisa, ushindi mmoja.

Mimi? Ufundi wangu ni kuwa mdogo.
Mezani nina ardhi, na kinu cha upepo kisichosaga kitu.
Wakiniuliza, nasema: nimekwama, endeleeni.
Miaka minne nimeshinda hivyo.
Vita vya panzi,
na mimi chini ya sweta nina manyoya ya kunguru.

Zamu ya saba. Nyuki arobaini.
Nikasema kwa sauti ya muuguzi, maana ndiyo kazi yangu:
"Leelo, usipompiga Heino sasa, sote tumekwisha."
Ilikuwa kweli. Ukweli ndio uongo wangu bora.

Akatazama nyuki.
Akamtazama Kaupo.
Kisha akatazama mikono yangu, anahesabu kwa kidevu,
moja, mbili, polepole, mpaka mwisho.
"Urve," akasema, "mtu mwenye kadi saba si maskini."
Na mikuki yote akailaza upande wangu.

Heino alicheka hadi chai ikamwagika.
Kaupo alikuwa na hapana moja iliyobaki.
Nikamwangalia. Akaniangalia,
na kati yetu zikapita ahadi zote nilizomvunjia tangu Novemba.
Akaifunika kadi, kifudifudi.
"Acha ipite."

Nilikufa wa kwanza. Sijawahi.
Anayetangulia kufa huchemsha maji, kwa hiyo nikachemsha,
na kutoka jikoni nikasikia nyuki wakimmaliza yule msichana,
kama daftari lilivyosema.
Michezo ishirini, ushindi mmoja.
Sikupata safu ya kuandika yaliyobaki.

Basi la mwisho kwenda Annelinn ni tupu.
Nazipanga zile saba juu ya paja.
Hii ingeua nyuki wote.
Hizi tatu zingenipa ushindi zamu ya kumi.
Na hii ngome ndogo, ya kuzuia mikuki,
bei yake ardhi mbili tu. Ningeweza kuishusha tangu zamu ya tatu.
Niliitunza.
Pembe zake bado kali, haina hata alama ya kucha;
majira yote ya baridi sijaicheza.

Dereva ameuliza mara mbili kama nashuka.