Kimo cha Kifua

Utepe unazungushwa kwenye kimo cha kifua,
amesema kijana Kuloba, daftari kalibana kwapani.
Nikamuuliza: kifua cha nani?
Changu mimi Nandutu kinamfika kitovuni.
Akacheka. Akaandika: mringaringa, sentimita tisini na mbili.

Andika na hili, basi:
huo niliupanda nikiwa na mimba ya Nambozo,
miche mitatu karaini, karai kichwani,
kutoka bonde la Manafwa hadi huku juu
ambako hata mbuzi hupanda kwa kusitasita.
Miwili ilikufa kiangazi. Huu ulikataa.

Zamani tulichoma.
Mavuno yakiisha, kiberiti; mlima mzima unakohoa
na sisi tunasema shamba limetakata.
Limetakata! Mvua ya kwanza ililikuta uchi,
ikauvuta udongo kama mtu avutavyo shuka,
na mto ukawa rangi ya chai ya maziwa,
chai ambayo sisi hatukuinywa.

Sasa sichomi kitu.
Majani ya migomba nayalaza chini ya mibuni,
na maganda ya kahawa, na mabua,
na samadi ya ng'ombe mmoja anayekula kama watatu.
Makingamaji nimeyachimba kukata mteremko
mpaka bega likanitukana;
ukingoni nimepanda matete yashike.
Majirani wakasema: mvivu, hafagii shamba lake.
Mimi nikaona minyoo inarudi. Nikanyamaza.

Kuloba amezamisha bomba la chuma ardhini,
kalivuta, kagongea udongo mfukoni:
mweusi juu, chini mwekundu.
Unakwenda Kampala kupimwa, anasema.
Haya. Udongo wangu utaiona Kampala kabla yangu.

Kaboni, anasema, moshi wa magari na viwanda,
mti huila, huigeuza kuwa mti,
na nyingine hushuka mizizini ikalala.
Nimeelewa. Mbona ni jambo la nyumbani:
kuna vitu ukiviacha hewani vitakuua,
sharti uvipe mahali pa kukaa.
Kwa kazi hiyo watanilipa, mwakani, au mtondogoo,
ada ya Nambozo muhula mmoja, na chumvi.
Sikatai.

Ila umeparuka pale, mwanangu,
pale penye kovu, mlima ulipoachia usiku ule
ukapita na jiko, na zizi,
na Wamimbi ndani ya usingizi wake.
Hatukumpata.
Hakuna kaburi, kuna mkuyu:
nilichomeka kijiti, kama fimbo tu,
kikashika.

Pima na huo.
Pesa yake andika unavyotaka.
Nataka utepe umzunguke,
mtu amkumbatie, mara moja,
kwenye kimo cha kifua.