Shati la Kengele ya Mwisho

Shati langu la shule liko msumarini tangu Mei,
halijafuliwa, na sitaki mtu alifue.
Begani, kwa wino wa kijani, Nutsa kaandika usinisahau,
kana kwamba mji huu una watu wa kusahauliana.
Mgongoni ni Vazha, herufi kama mbuzi waliotawanyika,
na karibu na kola, kwa mwandiko wa kubanabana,
Mwalimu Tsiala wa kemia:
Utakuwa mtu.

Miezi miwili nalala nikiyatazama maneno hayo.
Utakuwa. Lini?
Na huyu anayekula mkate wa bibi yake kila asubuhi
ni nani, kama si mtu?

Fomu iko mezani. Chaguo la kwanza: kisanduku kitupu.
Shangazi anasema sheria.
Mjomba Gocha anasema udaktari wa meno, maana meno hayatakoma kuoza,
kisha anacheka, nasi tunaiona hoja yake mdomoni.
Mama anapiga simu kutoka Bari, usiku, kwa kunong'ona:
jifunze Kiitaliano kidogo, mwanangu, huku kazi hazikosekani.
Huko anamwogesha mama wa watu.
Mama yake mwenyewe huoga hapa, kashika ukuta.

Nutsa yuko Tbilisi, tayari anaongea harakaharaka.
Vazha yuko Poland, anafunga kuku kwenye plastiki;
ametuma picha ya buti zake mpya.
Uso hakuuonyesha.

Baba ana mpini wa chuma alioushika miaka ishirini na sita:
akiusukuma, behewa linapanda kwenye waya hadi mgodini,
akiuvuta, linashuka sokoni.
Ameuinua mji mzima, na jioni yuko palepale.
Simcheki. Alinifundisha kuweka kiganja kwenye nguzo
nisikie waya unavyozungumza,
na mara mbili nimesikia kabla yake.
Jambo hilo halina kisanduku.

Juzi umeme ulikatika tukiwa juu ya mto,
mto wetu mweusi kwa vumbi la manganizi:
mimi, kreti ya nyanya, na Mwalimu Tsiala.
Behewa likayumba, likatulia.
Chini, watu wa sokoni walitutazama kidogo,
wakaendelea kupatana bei.
Nikaona sina pa kukimbilia, basi nikauliza:
Mwalimu, uliponiandikia vile, ulikuwa umeona nini?

Akanyamaza. Akachagua nyanya moja, akaifuta kwa leso.
Mashati thelathini na moja, akasema, na jua lile.
Niliwaandikia wote hivyohivyo.

Tulicheka mpaka behewa likaanza kuyumba tena.
Kisha akaniambia, bila mimi kuuliza,
kwamba yeye alitaka kusomea ndege, hawa wenye manyoya,
ila siku ya kujiandikisha mvua ilinyesha
na foleni ya kemia ndiyo iliyokuwa chini ya paa.
Unajuta?
Akauma nyanya. Jumanne, akasema.
Mara nyingine Alhamisi.

Nyaya zikagutuka. Kule chini baba kashika mpini,
nasi tukashuka taratibu, yeye akitema mbegu dirishani,
mimi nikihesabu siku za juma.

Leo fomu inafungwa saa sita usiku.
Nimeazima kalamu ya baba,
ile anayoandikia saa za umeme kukatika;
wino wake unatoka, unakwama, unatoka.
Nimeandika herufi moja.
Yaweza kuwa mwanzo wa mambo mengi.

Bibi anaita kutoka bafuni nikamsugue mgongo.
Nakuja, bibi.
Shika ukuta. Nakuja.